Mwalimu Aliyejishona kwenye Pazia

Sauti ya Mwalimu haikuwa mbaya. Ilikuwa kubwa, basi. Miaka aliyofundisha darasa la nne, chumba kimefurika watoto na nyuma ya ukuta kuna mashine ya kusaga nafaka, ilimpa sauti inayovuka ua bila kupunguza mwendo. Akiomba chumvi mezani kwake, jirani wa upande wa pili alinyanyuka kuitafuta.

Na kama ingekuwa sauti peke yake, tungesema heri. Alikuwa na kidole kinachojiinua chenyewe kila akieleza jambo, na alikuwa na ule ugonjwa wa kumaliza kila maelezo kwa "Mmeelewa?" Siku moja alimweleza mama mkwe wake namna ya kumeza dawa, asubuhi na jioni, baada ya chakula, kisha kidole kikapanda na neno likatoka. Mama mkwe hakusema naye tena mpaka dawa zilipokwisha.

Sasa mtu wa namna hiyo, msomaji wangu, ndiye aliyeamua ukubwani kurudi chuo kikuu ili achunguze jinsi watu wanavyojifunza mahali pasipo na shule wala mwalimu.

"Kwa hiyo, mama," alisema binti yake, aliyekuwa kidato cha tatu na ulimi wake ukiwa umemtangulia madarasa kadhaa, "unakwenda shule ili ujue watu ambao hawakwenda shule wanajifunzaje."

"Ndiyo."

"Si ungewauliza tu?"

Mume wake, msoma mita wa idara ya maji, mtu mpole aliyezoea kubwekewa na mbwa wa kila aina, alimwambia binti amwache mama yake ale. Lakini Mwalimu mwenyewe alicheka. Alijua jinsi jambo lile linavyochekesha. Alikuwa hajajua tu ni kwa kiasi gani.

Mahali alipopachagua palikuwa karakana ya ushonaji, chumba kirefu chenye dari ya mabati na dirisha moja kubwa upande wa barabara. Cherehani zilipangwa kwa mstari chini ya dirisha, maana mwanga wa bure una thamani yake. Meza ya kukatia ilikuwa katikati, juu yake chaki, mkasi mzito na bati la vifungo. Kwenye kona palikuwa na pasi iliyowashwa moto tangu asubuhi. Na ukutani, juu ya mlango, palikuwa na msumari mmoja mkubwa. Mwalimu aliuona siku ya kwanza, akadhani umesahauliwa na seremala.

Mwenye karakana aliitwa Mzee Kola. Alikuwa mwembamba, nadhifu, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi. Msaidizi wake alikuwa mama mnene mcheshi, wakimwita Zipu. Na aliyekuwa akijifunza kazi alikuwa kijana mmoja aliyeacha udereva wa lori kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Huyo walimwita Mifuko. Mwalimu aliuliza majina hayo yametoka wapi. Watatu wakatazamana.

"Majina tu, Mwalimu," akajibu Mzee Kola. "Ya kazi."

Mwalimu alikwenda kuandika katika ripoti yake ya kwanza kwamba katika karakana hiyo mafundi hupewa majina ya heshima kulingana na ustadi wao, na kwamba kiongozi huitwa Kola kwa kuwa kola ndiyo kilele cha ushonaji. Aliipenda sana sentensi hiyo ya mwisho. Alimsomea hata mume wake.

Walimpa kiti cha mgeni, kile chenye mto, wakakiweka mahali penye hewa. Yeye akaweka kinasa sauti chake mezani, akatulia, akasubiri kuona watu wakijifunza.

Kilichotokea ni kwamba Mzee Kola alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasimama katikati ya chumba.

"Sindano," alianza, kwa sauti ambayo Zipu hakuwahi kuisikia kwa mzee huyu tangu amfahamu, "ni chombo kidogo cha chuma. Kina ncha. Na kina tundu. Kazi ya tundu ni nini?"

"Kupitisha uzi," wakajibu Zipu na Mifuko kwa pamoja.

"Vizuri. Mkae."

Wakakaa. Maana, naam, walikuwa wamesimama.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Mwalimu akiingia, wote wanasimama. Akikohoa, wananyamaza. Mifuko alianza kunyoosha mkono akitaka kwenda msalani. Wiki ya pili Mzee Kola alinunua ubao mdogo mweusi kwa pesa yake mwenyewe, akachora shati na kuweka mishale. Mwalimu alijaribu kuwatoa wasiwasi. Aliwaambia wafanye kama hayupo, wafanye kazi kama siku zote, wazungumze mambo yao. Aliwaeleza vizuri, kwa upole, kisha kidole kikapanda.

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, Mwaliiimu!"

Alirudi nyumbani akajitazama kwenye kioo cha chumbani kwa muda mrefu. Shule aliyosema ameiacha ilikuwa imemfuata. Aliibeba mgongoni kama konokono na nyumba yake, na kila alipofika aliitua, akafungua mlango, kengele ikalia.

Msimamizi wake wa utafiti, profesa mwanamke aliyezoea kunywa chai huku akivunja watu mioyo, alisikiliza zile kanda zote. Alipofika Mzee Kola anapoeleza mishale ya shati, akaweka kikombe chini.

"Nimekutuma ukaniletee watu wanaojifunza nje ya darasa," akasema. "Umeniletea darasa. Tena la zamani. Hata mimi nilitaka kunyoosha mkono."

"Nitajirekebisha, Profesa."

"Kamati inakutana mwisho wa mwezi. Wanataka kusikia rekodi moja, moja tu, ya mtu anayejifunza kweli kitu asichokijua. Ukiwa nayo, utafiti unaendelea. Ukiwa huna, wanaufunga na unarudi kazini kwako."

Kurudi kazini! Ungejua alivyoagwa ungemhurumia. Walimu wenzake walimfanyia sherehe, wakamzawadia begi la magurudumu, na mwalimu mkuu akatoa hotuba iliyomwita "nyota yetu". Watoto wa darasa la nne waliimba. Sasa nyota irudi na begi lake likikwaruza sakafu ya varanda, mkia kati ya miguu, iulizwe na mtunza stoo, "Vipi, umeshamaliza?" Alikuwa tayari kujifunza kuruka kwa kamba kuliko swali hilo.

Basi akaanza mbinu. Mbinu ya kwanza ilikuwa kujificha. Alifika mapema, akajibanza nyuma ya nguo zilizotundikwa tayari kwa wateja, kinasa sauti mkononi, pumzi nusunusu. Alisikia cherehani zikianza. Alisikia Zipu akicheka kitu. Moyo ukamdunda: ndiyo yenyewe hii! Halafu akaingia mteja kuchukua gauni lake, akalishika begani, akalivuta, na ndani ya gauni akamkuta mtu. Yule mama alipiga yowe lililosimamisha mwendesha baiskeli barabarani.

"Samahani," alisema Mwalimu akitoka kati ya nguo, bitana imemwangukia kichwani. "Mimi ni mtafiti."

Mteja hakurudi tena. Mzee Kola alivuta kiti cha mgeni tu, akakipangusa, akamkaribisha. Heshima ile ilimuuma Mwalimu kuliko tusi.

Mbinu ya pili ilikuwa ya kukata tamaa. Aliomba kushona.

"Wewe, Mwalimu?" Mzee Kola akatoa macho.

"Kitu rahisi tu. Nikae na nyinyi kwenye mstari, nifanye kazi kama wengine."

Walinong'ona. Kulikuwa na oda ya mapazia ya nyumba ya wageni, kitambaa kizito cha kahawia, na kazi yenyewe ilikuwa kukunja pindo la chini na kushona moja kwa moja, mwanzo mpaka mwisho. Zipu alisema hata mtu aliyefumba macho hawezi kuharibu pindo la pazia. Mwalimu akalisikia hilo, likamwingia vizuri.

Akakalishwa kwenye cherehani ya mwisho. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni lake pana la bluu, lenye kitambaa cha kutosha watu wawili na wageni wao. Alikanyaga. Gurudumu likazunguka kinyume, uzi ukakatika. Zipu akamtungia tena bila kusema kitu. Akakanyaga tena, na safari hii mashine ikaondoka, tiki tiki tiki, na Mwalimu akahisi raha ambayo hakuitarajia. Alijiona fundi. Alifikiri hata jina watakalompa. Labda Pindo, au Mshono Ulionyooka. Aliongeza mwendo. Alishona huku akitazama nje dirishani, kama alivyoona wenzake wakifanya, na pazia lote likapita chini ya sindano kama mto.

Simu yake ikaita. Alikuwa Profesa.

Mwalimu akasimama haraka, akageuka kutafuta mahali penye utulivu, akapiga hatua kuelekea mlangoni. Pazia likasimama naye. Likamfuata. Lilikuwa refu, nalo upande wake wa pili ulikuwa umepita juu ya meza ya kukatia, kwa hiyo lilimfuata na chaki, lilimfuata na futi ya kupimia, na mwisho wake likaja na bati la vifungo, likaanguka sakafuni likamwaga vifungo mpaka chini ya kila cherehani.

Kifungo kimoja kilikuwa bado kinazunguka.

Mwalimu akatazama chini. Gauni lake la bluu na pazia la kahawia vilikuwa kitu kimoja. Alikuwa amelishona pindo la gauni lake ndani ya pindo la pazia, mshono mzuri, ulionyooka, wa kudumu, kutoka goti la kushoto mpaka mahali ambapo gauni lilikwisha.

"Profesa," alisema kwenye simu, "nitakupigia."

Aliyeanza alikuwa Zipu. Sauti ilimtoka kama ya birika, nyembamba, halafu ikafunguka. Mifuko akalala juu ya cherehani yake. Na Mzee Kola, yule nadhifu wa "sindano ni chombo kidogo", alivua miwani, akajishika tumbo, akateremka taratibu ukutani mpaka akakaa chini.

"Amejishona!" akapata kusema. "Jamani, amejishona mwenyewe!"

"Tumpeleke nyumba ya wageni hivyo hivyo," akasema Zipu, machozi yakimtiririka. "Tumtundike dirishani!"

"Akisimama vizuri jua haliingii kabisa," akasema Mifuko.

Mwalimu alitaka kulia. Alitaka pia kutoka, lakini angetokaje? Mlango ungempitisha yeye, pazia usingelipitisha. Akajaribu kuvua gauni kwa mawazo, akakumbuka alichovaa ndani, akaacha. Kwa mara ya kwanza tangu afike mahali pale hakuwa na kiti cha mgeni wala njia ya kwenda. Akakaa sakafuni katikati ya vifungo.

"Basi mnifumulie," akasema, kwa sauti ndogo ambayo mume wake asingeitambua.

"Nani akufumulie?" Mzee Kola alishangaa. "Hapa anayeharibu ndiye anayefumua. Zipu, mpe wembe."

"Sijui kufumua."

"Ndiyo maana tunakupa wembe, Pazia."

Jina likatua hivyohivyo, bila sherehe.

Akaanza. Wakamzunguka, kila mtu na kazi yake mkononi, na midomo ikafunguka.

"Siyo hapo, Pazia! Utakata gauni. Hebu sikia, unavuta uzi mmoja kwanza."

"Upi?"

"Ule uliolegea. Uguse. Huo! Kata huo, ruka vitobo kidogo, kata tena. Sasa geuza upande wa pili uvute."

"Hauji."

"Hauji kwa sababu umekanyaga kama unaua mende. Mishono yako imebanana mno. Ndiyo ujue siku nyingine ulegeze mguu."

"Mzee Kola alibana zaidi ya hapo," Zipu akatupia. "Mwulize jina lake."

"Achana na jina langu."

"Alishona shati la bwana harusi," Zipu akaendelea kama hakusikia, "akaweka kola mbili. Moja juu, moja chini. Bwana harusi amelivaa, shingo imenyooka kama twiga, hawezi kumtazama bibi harusi mpaka ageuke mwili mzima!"

"Na wewe zipu yako?" Mzee Kola akapandisha sauti. "Mwambie ulivyoweka zipu ya suruali ya mkaguzi inayofunguka kwenda juu. Mtu akitaka haja anaanzia chini kama anachimba kisima!"

Mifuko alikuwa ameshona suruali tano za sare, na mifuko yote ameishona ikafunga mdomo. Nguo zote hizo zilikuwa zimetundikwa kwa zamu kwenye ule msumari wa juu ya mlango, mpaka mwenyewe alipomaliza kufumua na kurekebisha. Ndio ulikuwa utaratibu wa mahali pale tangu zamani. Hawakufundishana kushona, walifundishana kufumua, na kushona kulikuja nyuma kukiwa na aibu.

Mwalimu akaikumbuka ripoti yake. Majina ya heshima. Kilele cha ushonaji. Akaanza kucheka peke yake, wembe mkononi, na kicheko kilimjia kwa nguvu hata Mifuko akamnyang'anya wembe asije akajikata.

"Nini tena?"

Akawaeleza alichoandika. Mzee Kola alisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini si vibaya," akasema. "Hebu liache hivyo."

Alifumua mpaka jua likahama dirishani. Katikati ya kazi alijaribu kueleza jambo kuhusu uzi, kidole kikaanza kupanda, na Zipu, bila kuinua macho, akamwambia, "Pazia, shusha hicho, ufumue." Kikashuka. Pindo lilipoachana na gauni alilikunja upya, akalishona mwenyewe, polepole, mguu mlegevu, gauni amelikusanya juu ya mapaja kama mtu anayevuka mto. Mzee Kola alipitisha kidole kwenye mshono. "Litapita," akasema, akarudi kwenye mashine yake.

Ni wakati wa kuondoka ndipo alipokiona kinasa sauti, chini ya meza, kati ya vifungo. Alikiwasha asubuhi juu ya meza ya kukatia, kikaanguka na bati. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka.

Nyumbani walisikiliza wote watatu wakiwa mezani. Binti yake alianza kucheka kwenye vifungo na hakupumzika tena. Mume alijitahidi, aliuma kijiko. Lakini Mwalimu alisikiliza kwa namna nyingine. Aliisikia sauti ya mtu asiyejua kitu, anauliza, anakosea, anatukanwa kwa upendo, anauliza tena. Alimsikia mtu huyo akikata uzi usiofaa, halafu akikata unaofaa. Mwishoni akasikia mshono mpya, mashine ikienda pole.

"Ndiyo hii," akasema.

"Ndiyo nini?" mume akauliza.

"Rekodi wanayoitaka. Mtu anayejifunza kweli."

Wote walielewa wakati mmoja maana yake. Ili auokoe utafiti ilimbidi akae mbele ya wasomi waliovaa tai na kuwasikilizisha akiburura pazia.

"Unaweza kukata sehemu ya mwanzo," mume akashauri.

Alikwishawaza hilo. Alikwishawaza pia aandike kwamba mwanafunzi aliyesikika ni "mwanamke mmoja wa makamo", na kumwacha huko bila jina, mtu asiyejulikana aliyepita na balaa lake. Alijaribu hata kuiandika sentensi hiyo. Lakini sauti ile, hata ungeikata vipande, ilivuka ua, nani asingeitambua? Na ukikata kicheko, kilichobaki ni wembe na uzi, na hakuna aliyejifunza chochote.

Siku ya kamati alivaa gauni la bluu, kwa kuwa lilikuwa safi na kwa kuwa, alivyojiambia, limeshazoea fedheha. Walikuwa watano nyuma ya meza ndefu, Profesa pembeni na kikombe chake. Mwalimu alisema maneno machache, akabonyeza, akatazama dirishani.

Tiki tiki tiki. Simu. Kelele ya bati. "Profesa, nitakupigia." Mjumbe mmoja akamgeukia Profesa, Profesa akatazama chai. "Amejishona!" Hapo mzee wa kamati, mtu aliyesemekana hajacheka tangu apate uprofesa, alitoa kitambaa akaficha mdomo, mabega yakawa yanaruka. Mwingine aliomba irudishwe nyuma, kwa sababu za kitaaluma.

Ilipokwisha, mjumbe wa mwisho, mwanamke mkavu mwenye kalamu nyekundu, akauliza, "Huyu Pazia. Amejifunza kweli, au alifumua tu kwa sababu hana pa kwenda? Na tunaweza kuzungumza naye?"

Kidole cha Mwalimu kilianza kupanda. Akakishika kwa mkono wa pili.

"Mnazungumza naye," akasema. Akaisogelea meza yao, akashika pindo la gauni, akawaonyesha mstari wa vitobo vidogo ulioanzia goti la kushoto. "Na hakuwa na pa kwenda. Hilo ni kweli pia. Nadhani ndiyo sababu alijifunza."

Mwanamke wa kalamu nyekundu aliinama akavitazama vile vitobo kwa makini. "Umebana mno mishono," akasema. Mama yake, ilikuja kujulikana baadaye, alikuwa na cherehani.

Wakampa ruhusa aendelee, kwa masharti mawili: arekebishe ile sehemu ya majina ya heshima, na asikae tena kwenye kiti cha mgeni.

Sharti la pili halikuwa na kazi. Aliporudi karakana, kiti kilikuwa kimelemewa na marobota ya kitambaa na mto wake ulikuwa umegeuzwa kuwa pa kuwekea pasi. Ubao mweusi ulikuwa umefunika ndoo. Hakuna aliyesimama. Zipu, pini kadhaa mdomoni, alimrushia furushi la kahawia.

"Umechelewa, Pazia. Nyumba ya wageni wameongeza madirisha."

"Nilikuwa chuoni. Sikilizeni, wamenikubalia! Utafiti unaendelea. Nitakuwa hapa mwaka mzima, nitashona nanyi, nitarekodi, na tafadhali mtu asibadilike kwa sababu yangu, mzungumze tu kama kawaida, mmeelewa?"

Cherehani zote zikasimama. Mzee Kola alitazama juu ya miwani. Mifuko akaweka mikono mezani, kiwiliwili kimenyooka, na watatu wakavuta pumzi.

"Ndiyooo, Mwaliiimu!"

Wakavunjika mbavu. Mwalimu alitazama kidole chake kilichokuwa juu hewani, akakishusha, akalikusanya gauni mapajani na kutunga uzi.